Mbuna wangu wanauana, je, tangi kubwa litawatuliza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa na samaki saba aina ya mbuna katika tangi la lita 60, hapa Section 58, Nakuru. Dume mmoja wa buluu amewaua wawili ndani ya mwezi, na waliobaki mapezi yamechanika. Nimepata fundi wa vioo wa kunitengenezea tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50. Naishi orofa ya pili, nyumba ya kupanga. Nikiletewa Ijumaa, naweza kuwahamisha Jumamosi? Na nikija Kisumu nichukue fulu wachache, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, pale ufuoni Dunga niwachanganye nao?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Huyo dume si mkorofi kuliko wenzake. Mbuna ni samaki wa miamba ya Ziwa Malawi; dume hushika pango lake na kumfukuza kila anayekaribia, na ndani ya lita 60 hakuna asiyekaribia. Kwa hiyo ndiyo, tangi kubwa litasaidia, ila ujaze mawe yenye mapango mengi kuliko madume, na kila dume awe na majike watatu au zaidi. Mawe yapange chini kabisa kwanza, ndipo umwage mchanga. Mbuna huchimba. Ukiyaweka juu ya mchanga watayafukua, na jiwe likiporomoka litapasua kioo.

Sasa uzito. Vipimo vyako ni lita 300, yaani kilo 300 za maji peke yake. Ongeza kioo cha milimita 10, mchanga na mawe, unapita kilo 450. Ni kama watu wazima sita wamesimama mahali pamoja usiku na mchana. Mwambie mwenye nyumba kabla hujalipa chochote, na tangi likae kando ya ukuta unaobeba jengo, si katikati ya sebule. Stendi ichomelewe kwa vyuma vya mraba, uipime kwa pimamaji, kisha chini ya kioo utandike ile povu nyeupe inayokuja ndani ya katoni za televisheni. Silikoni nayo iachwe wiki nzima ikauke.

Jumamosi, hapana. Nakuomba sana. Miaka ya nyuma, nikiishi Migosi, nilihamisha samaki kumi na wanne siku ya tatu baada ya kujaza tangi jipya. Maji yalikuwa maangavu, ungesoma gazeti ng'ambo ya pili. Siku ya sita nikawakuta wote juu, midomo ikigusa hewa, matamvua mekundu kama nyama mbichi. Tisa walikufa kabla ya magharibi. Kilichowaua hakionekani: samaki hutoa amonia, na tangi jipya halina bakteria wa kuigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na makali hayo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji na mawe.

Wewe una bahati, una tangi kuukuu. Ile sponji chafu ya kichujio usiisuuze kwa maji ya mfereji, maana klorini huua bakteria hao. Silikoni ikishakauka, iweke ifanye kazi ndani ya tangi jipya kando ya sponji mpya, na samaki uwahamishie humo siku hiyo hiyo, kwa kuwa wao ndio wanaowalisha bakteria hao. Hao watano ni wachache kwa lita 300, lakini usiongeze hata mmoja kwa mwezi wa kwanza. Walishe kidogo, na kila baada ya siku mbili tatu ubadilishe robo ya maji. Maji mapya yatiwe dawa ya kuondoa klorini.

Mimi hapa Kisumu sijawahi kununua hita. Usiku wa Julai kwenu Nakuru ni mwingine: tafuta ya wati 300, uitegeshe nyuzi 25. Na stima ikipotea, uwe na pampu ya hewa ya betri.

Fulu waache ziwani. Mbuna hula mwani wa kwenye mawe, na chakula chenye nyama nyingi huwavimbisha tumbo. Fulu wengi wanataka wadudu na vijidudu vya majini. Samaki wa porini pia huja na minyoo. Lakini hasa nawaonea uchungu. Mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 fulu wa aina nyingi mno walikuwa hawaonekani tena. Waliobaki tuwaachie ziwa lao.

Mambo yakitulia, siku moja utamwona jike amekaa pembeni, akitafuna bila kula kitu, koo limejaa kama aliyebugia ugali. Ni mayai hayo, anayatunza mdomoni. Usimkimbize kwa wavu. Baada ya wiki tatu hivi atawatema watoto kati ya mawe, na kila mmoja atakimbilia ufa wake.