Kina cha picha za CT ndani ya miwani ya VR
Miwani ya VR (inayofunika macho na kukuonyesha picha za kompyuta zenye kina) peke yake haitoshi kukuonyesha kwa uhakika mshipa upi wa damu uko mbele na upi uko nyuma kwenye picha ya CT (picha ya ndani ya mwili inayoundwa kwa eksirei, tabaka kwa tabaka). Kila jicho hupata picha yake, sawa, lakini viungo vikichorwa vya kupenya macho kama kioo cha dirisha, cha mbele hakizibi cha nyuma, na jicho hutegemea sana kuzibana huko kupima kina. Ndiyo maana mishipa hupakwa rangi kufuata umbali: nyekundu karibu, buluu mbali. Kusogeza kichwa pembeni kunasaidia mno, kwa kuwa cha karibu huonekana kuhama zaidi. Ila kwanza rekebisha nafasi kati ya lenzi ilingane na umbali kati ya mboni zako (wastani wa watu wazima ni kama milimita 63), la sivyo kina kinapotoka.