Shavu halifiki kwenye kitako

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Minnesota, nawinda kulungu kwa bunduki ya Remington 700 ya risasi za .308. Tangu nifunge darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 50, nalenga shingo ikiwa juu, shavu halina pa kuegemea. Ninunue kitako gani (sehemu ya bunduki inayokaa begani) cha kurekebisha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shida yako ni kimo, si urefu, kwa hiyo pesa iende kwenye kiegemeo cha shavu. Hakikisha bunduki haina risasi, fumba macho, iweke begani, laza shavu, kisha fumbua. Ukiona duara lote la darubini bila kivuli cheusi pembeni, kimo ndicho hicho. Sasa vuta bolti, ile komeo ya kuingizia risasi, hadi mwisho wake. Ikigonga kiegemeo, kishushe au tafuta chenye mkato. Wengi hulisahau hili mpaka wako porini!

Urefu, yaani toka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, upime ukiwa umevaa koti la Novemba, si fulana. Kitako cha Magpul Hunter hurekebishwa urefu kwa vipande, inchi 13 hadi 15, na viinua shavu huuzwa kando. Kwako kinatosha, agiza cha mashine fupi (“short action”, yaani bunduki ambayo bolti yake ina mwendo mfupi), ndiyo ya .308. Vile vitako vyenye vinobu (vifundo vya kuzungusha ili kurekebisha) kila upande waachie wapiga shabaha wa mashindano: vizito, na kinobu kikilegea kinagonga-gonga, kulungu huyoo.

Kama mfuko umebana, pedi ya shavu ya kufunga kwa mikanda itakuvusha msimu huu.