Je, homoni na vitamini D zitanikinga na saratani ya utumbo mpana?

SWALI: Daktari, nakusalimu kutoka Kondele, Kisumu. Nina umri wa miaka 53, na hedhi yangu ilikoma miaka miwili iliyopita. Mwaka jana kaka yangu wa tumbo moja aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 49, na tangu hapo nina hofu. Mwenzangu katika chama alinieleza kwamba vidonge vya homoni wanavyopewa wanawake waliofikia ukomo wa hedhi huzuia ugonjwa huo, naye mhudumu wa duka la dawa akaniuzia vitamini D akisema inafanya kazi iyo hiyo. Je, nitumie vyote viwili? Mimi ni mzima, isipokuwa bawasiri ambayo hunitoa damu kidogo mara kwa mara ninapokwenda haja kubwa.

JIBU: Mama, pole kwa ugonjwa wa kaka yako. Wenzako hawakuyazua waliyokueleza, kwa kuwa yote mawili yana chanzo katika utafiti halisi, ila iliyokufikia ni nusu ya habari.

Utafiti mkubwa wa afya ya wanawake nchini Marekani uliwafuatilia wanawake 16,608 waliokoma hedhi na waliokuwa bado na mji wa mimba, baadhi wakimeza homoni za kike, estrojeni pamoja na projestini, na wengine wakimeza vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2002 ulisitishwa kabla ya wakati wake. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, saratani ya utumbo mpana ilipungua kwa wagonjwa 6, lakini saratani ya matiti iliongezeka kwa wagonjwa 8, kiharusi kwa 8, damu kuganda mapafuni kwa 8, na maradhi ya moyo kwa 7. Hata mchuuzi wa soko la Kibuye asiyeshika kalamu angeiona hasara hiyo. Tena, wanawake waliopata saratani ya utumbo wakiwa wanatumia homoni hizo walielekea kugunduliwa ugonjwa ukiwa umeenea zaidi. Estrojeni peke yake, waliyopewa wanawake walioondolewa mji wa mimba, haikuonyesha kinga yoyote kwa utumbo. Homoni zina kazi yake, hasa pale joto la ghafla na jasho la usiku vinapomkosesha mtu raha, na hilo ni la kuzungumza na daktari anayekujua. Lakini kuzimeza ili kuzuia saratani si jambo ninaloweza kukushauri.

Habari ya vitamini D inavutia zaidi. Mwaka 1980 ndugu wawili, Cedric na Frank Garland, waliandika kwamba vifo vya saratani ya utumbo nchini Marekani vilikuwa vingi zaidi katika sehemu zenye jua haba, wakapendekeza kuwa huenda upungufu wa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, ndio sababu. Wazo hilo lina mashiko, kwa sababu ini na figo huigeuza vitamini hiyo kuwa homoni kamili, nazo seli za utumbo mpana zina vipokezi vinavyoinasa na kuitumia kudhibiti kasi ya kuzaliana kwake. Hata hivyo, majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha matumaini hayo. Wanawake 36,282 walifuatiliwa kwa takribani miaka 7, baadhi wakipewa kila siku uniti 400 za vitamini D na miligramu 1,000 za madini ya kalisi, na matokeo ya mwaka 2006 hayakuonyesha tofauti katika saratani hii, ingawa mawe ya figo yaliongezeka. Jaribio jingine la watu 25,871, lililotumia uniti 2,000 kwa siku, nalo halikupunguza idadi ya waliopata saratani. Kuhusu kuchanganya homoni na vitamini D, uchambuzi wa baadaye wa takwimu za wale wanawake 36,282 ulidokeza kwamba vitamini D na kalisi huenda vilisaidia wale tu wasiotumia estrojeni, kinyume kabisa na dhana kwamba ukivijumlisha unapata kinga maradufu.

Wewe unaishi karibu na ikweta, ambako jua la kutengeneza vitamini D ngozini halikosekani mwaka mzima, na omena inayoliwa pamoja na mifupa yake inakupa kalisi. Ukitaka kuendelea na vidonge ulivyonunua, fuata kipimo cha kawaida, na uviache ikiwa umewahi kuugua mawe ya figo.

Sasa niingie katika sentensi yako ya mwisho, ambayo uliiandika kana kwamba si kitu. Damu katika choo huenda kweli ikawa bawasiri, lakini bawasiri haimzuii mtu kuwa na uvimbe juu yake, na wagonjwa wengi hutibiwa bawasiri au amiba kwa miezi kadhaa kabla ya mtu kuchunguza utumbo wenyewe. Kwa kuwa kaka yako aliugua akiwa na miaka 49, ulistahili kuanza kupimwa ukiwa na takribani miaka 39. Kipimo cha kutafuta damu iliyofichika hakikufai, kwa maana yako unaiona kwa macho. Unahitaji kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa mrija wenye kamera, ambayo pia humwezesha daktari kuondoa vinyama vidogo kabla havijageuka kuwa saratani.

Nenda wiki hii katika hospitali ya rufaa, umweleze daktari umri wa kaka yako alipougua na tangu lini unatoka damu. Siku moja kabla ya kipimo utakunywa vinywaji vyepesi na dawa ya kukuharisha ili utumbo usafike, na kwa sababu huenda ukadungwa dawa ya usingizi, uende na mtu wa kukurudisha nyumbani. Ndugu zako wengine wa tumbo moja nao wapimwe, hata wasioona damu.