Mzee akianza kuwa mzito wa kufikiri, anza na presha

Bibi aliyepika pilau maisha yake yote anasimama jikoni, mchele umeoshwa, vitunguu vimekatwa, na hajui kinachofuata. Majina ya wajukuu anayakumbuka yote. Msikimbilie kusema ni uzee.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, wala hauna akiba. Presha ikikaa juu miaka mingi, kuta za mishipa midogo ya ndani huwa nene na ngumu, na njia ya damu husinyaa. Huumia zaidi nyuzi za ndani zinazounganisha sehemu za ubongo. Ndiyo maana wepesi wa kufikiri na kupanga mambo huweza kupotea kabla ya kumbukumbu. Mwendo nao hubadilika: hatua fupi, za kuburuta, na mkojo unaobana ghafla. Mwelezeni daktari hayo yote kwa pamoja, kwa sababu kila moja peke yake hupuuzwa.

Presha ipimwe sawasawa. Mzee aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5 ameegemea kiti, miguu chini, mkono mtupu mezani usawa wa moyo, bila maongezi. Pimeni mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, siku 7. Tupeni namba za siku ya kwanza, tafuteni wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85, mpelekeni daftari hilo daktari.

Kisha kipimo ambacho wengi hukiruka: asimame, mtu akiwa karibu kumshika, apimwe tena baada ya dakika 1 na 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, dawa au dozi yake huenda ikahitaji kubadilishwa. Presha ya kukaa inapendeza, kumbe akisimama ubongo unakosa damu. Msimwachishe dawa wenyewe. Na asiimeze siku kichwa kinapouma tu. Presha kwa kawaida haiumi.

Sukari ipimwe pia, na sigara ziachwe kabisa.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, huenda ni kiharusi: andikeni saa ilipoanza na mkimbizeni hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Msimpe aspirini nyumbani: kama mshipa umepasuka, itazidisha kuvuja.