Kinyozi Hajinyoi

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Fundi, nimefungua saluni, huu mwezi wa tatu. Mashine mpya, kioo kikubwa, muziki upo, lakini mteja akija leo simwoni tena. Nifanye nini nipendwe kama wewe?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kama mimi! Laiti angeniona mwaka wangu wa pili.

Wa kwanza nauruka, nilikuwa nafagia nywele tu. Wa pili ndio niliumbuka. Alikuja mama mmoja na mwanawe, nikamnyoa mtoto vizuri, kipara kinang'aa, mama akafurahi. Baada ya wiki kadhaa akarudi naye. Akamvua kofia mbele ya wateja wanne waliokuwa kwenye benchi. Mabaka mawili ya mviringo, magamba meupe, vinywele vimekatikia usawa wa ngozi. Mapunye. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Na wako siku ukijaliwa, umnyoe kwa mashine hiyohiyo." Benchi likabaki tupu.

Kitambaa kimoja nilikuwa nafutia mashine asubuhi hadi jioni, najiona msafi. Kumbe nilikuwa nasambaza ugonjwa kichwa hadi kichwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usafi kwanza. Spiriti uliyoipulizia juu ya nywele na mafuta umeimwaga bure. Chukua brashi, sugua meno ya mashine mpaka yabaki chuma kitupu, ndipo upulizie ile ya asilimia 70, halafu usubiri ikauke yenyewe. Vitana navyo vioshwe. Wembe ni wa mtu mmoja, akitoka nao umetoka. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa siku 7 nje ya mwili vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza, na tone la damu ambalo wewe hulioni linavitosha. Chanjo yake ipo, kachanje. Mteja anayekuharakisha mwambie asubiri. Akikasirika akaondoka, aende.

La pili ni mdomo, na hapa naandika huku nikiona aibu.

Kiti cha kinyozi kina jambo lake. Mtu ukishamfunga shuka shingoni na kumwinamisha kichwa, anaongea. Labda kwa sababu hakutazami machoni. Mteja wangu mmoja, mtu mzima, kaka wa kuheshimika, aliniambia kwamba ameachishwa kazi na nyumbani hajasema bado, kila asubuhi anavaa anatoka. Mteja aliyemfuata akauliza, "Mbona jamaa katoka mnyonge?" Nikamjibu. Sentensi moja tu! Mji wetu ni mdogo, haikupita hata siku tatu mkewe akawa anajua. Miaka kumi na moja sasa yule kaka akipita ananiinulia mkono, haingii. Na kila akipita macho yangu yanakwenda kwenye kishogo chake, kimechongwa upande, na roho inaniuma kwa yote mawili.

Usiseme, basi. Hata ukiulizwa kwa utani, usiseme. Vijana mnahangaika na taa za rangi na mitindo mipya kila wiki, mtindo ataupata popote. Mtu wa kumwinamia kichwa akiwa na yake moyoni hampati popote.

Msinione nimekaa kujilaumu tu. Wapo wazee waliokataa kunyolewa na mtu mwingine yeyote. Mmoja alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala na maneno yakaenda. Kila Jumamosi ya pili nilibeba begi langu nikamfuata kitandani. Zamani kwenye kiti changu alikuwa na mazoea ya kujaza shavu upepo ili wembe upite bila kukwaruza. Siku ile nilipomgusa kidevu akalijaza. Likajaa la kulia peke yake. La kushoto nikalivuta mwenyewe kwa kidole gumba, taratibu, nikafuata nywele zinakolalia, maana ukizipinga zinajikunja zinarudi ndani ya ngozi na kuwa vipele. Tulimaliza bila tone la damu. Hilo sikufundishwa na mtu, na nalisema kwa kifua mbele.

Sasa kuhusu wasaidizi. Nilimlea kijana miaka minne, nikamfundisha hata kushika kitana. Siku moja akaaga, na wiki iliyofuata akafungua ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu, nusu ya benchi langu ikahamia kwake. Mnauliza kama nilimsamehe. Nilikaa mwaka mzima sivuki barabara ile, hata dukani nilizunguka. Mshukuruni anayewafundisha, ndugu zangu. Muageni vizuri.

Lakini kinyozi hajinyoi. Kioo cha mkononi kilinidanganya mara tatu nikatoka na ngazi kisogoni, na watoto wa jirani wakacheka. Mwezi uliopita nikavuka.

Alinifunga shuka bila neno. Akachukua brashi, akasugua meno ya mashine mpaka yakabaki chuma kitupu. Akapulizia spiriti. Mteja mmoja akamharakisha, naye akamwambia, "Subiri ikauke."

"Kama kawaida, fundi?" akaniuliza.

Nikainamisha kichwa.