Mbona nawatibu Wapalestina bure na kwetu Kilifi hakuna manesi

Shangazi aliniuliza Jumapili kwenye simu, watu wote wakisikia, nami nikajua si yeye peke yake: mtoto tuliyemsomesha unesi, akaenda Uingereza, anaendaje Lebanon kuhudumia Wapalestina bure na zahanati za kwetu Kilifi hazina watu? Tena miezi ileile pesa ya karo ninayotuma nyumbani ikachelewa. Swali lako ni halali, shangazi. Nianze na hilo la pesa.

Ndiyo, karo ilichelewa kwa sababu hiyo. Tiketi nilijilipia, chumba nilijilipia, bima nilijilipia. Kujitolea hakuna mshahara. Na visa ya kazi ya Uingereza kwa kawaida haikuruhusu likizo isiyo na malipo ya zaidi ya wiki 4 kwa mwaka, kwa hiyo nilikusanya siku zangu zote za likizo nikaziunganisha na hizo. Mtu mwenye deni, au anayetegemewa na watoto wadogo, simshauri aende.

Sasa Kilifi. Nilitoka Kenya na cheti mkononi kwa sababu ajira haikupatikana. Wagonjwa walikuwepo, vituo vilikuwepo, manesi tulikuwa tumejaa nyumbani. Na tangu 2013 afya ni jukumu la kaunti: kituo kikikosa nesi kuna gavana wa kuulizwa, kuna diwani wa kupigiwa kelele, kuna siku ya kura. Mpalestina wa Lebanon amezaliwa pale, baba yake amezaliwa pale, familia yake ilifika 1948 kama wakimbizi, na hapigi kura. Hata akisomea udaktari, uanasheria au uhandisi, sheria inamfungia kuifanya kazi hiyo nje ya kambi ya wakimbizi. Tangu 2001 hawezi kununua nyumba. Akiugua, tegemeo lake la kwanza ni UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa lililoanza kazi 1950, linaloishi kwa michango ya nchi wafadhili. Januari 2024 Marekani na nchi kadhaa zilisimamisha michango yao. Nyingine zilirudi, Marekani haikurudi. Huyo mgonjwa atamlalamikia nani? Hilo ndilo lililonipeleka.

Niliyemkuta pale si majeruhi wa risasi, ingawa ndivyo mnavyodhani. Vita vya 2024 vilifika karibu kabisa, maana kambi ya Burj Barajneh, nilikofanya kazi, imezungukwa na vitongoji vya kusini mwa Beirut vilivyopigwa mabomu. Lakini kazi ya kila siku ni presha na sukari, kama wodi yoyote ya Mombasa.

Kuna bibi mmoja anakaa ghorofa ya nne, ngazi nyembamba kiasi kwamba sanduku la dawa tulilipitisha ubavu. Alikuwa na kidonda cha kisukari chini ya kidole gumba cha mguu. Nesi wa Kipalestina niliyefuatana naye, ambaye ndiye mwenyeji na ndiye mkuu wangu, alinizuia nisifungue bomba: maji ya kambini yana chumvi. Tulikiosha kwa maji tuliyobeba. Kisha nikaangalia ndara zake, na ukingo wa plastiki ulikuwa unakanyaga palepale penye kidonda. Tulikata sponji nene, tukatoboa tundu la ukubwa wa kidonda, tukaibandika ndani ya ndara ili uzito uende pembeni. Nilipoondoka nyama nyekundu ilikuwa imeanza kujaa. Zahanati ya UNRWA ni bure, lakini vidonge vya moyo bibi huyo ananunua nje, na nilivikuta vimekatwa nusu nusu vifike mwisho wa mwezi. Tangu 2019 lira ya Lebanon imeporomoka kutoka 1,500 hivi kwa dola hadi karibu 90,000. Wanaoishi kwa lira hiyo wanakata vidonge, na nesi anayepanda zile ngazi mpaka leo kukifunga kidonda hicho ni yule mwenyeji, si mimi.

Kambi yenyewe inatisha. Nyaya za umeme zimeviringana na mabomba ya maji juu ya vichochoro, na watu wameshakufa kwa kupigwa na umeme. Nilitembea katikati ya njia, mikono mfukoni.

Na weusi wangu? Nje ya kambi niliulizwa madukani nafanya kazi nyumba ya nani. Iliniuma, lakini iliniuma zaidi kwa dada zetu. Wanawake wengi kutoka Kenya na Ethiopia wako Lebanon chini ya kafala, visa imefungwa kwa mwajiri mmoja, na pasipoti mara nyingi inakaa kwake. Wengine wamekimbia, wanapanga vyumba humohumo makambini, kwa Wapalestina. Nilimsikia mmoja wao akiongea Kiswahili cha pwani kichochoroni, nikasimama, tukashikana mikono muda mrefu. Yeye akiumwa, kadi ya UNRWA hana.

Kwa hiyo wewe binamu yangu uliyeniandikia kuhusu wakala anayesema ana nafasi za unesi Beirut: ombi la visa likiandikwa mfanyakazi wa nyumbani, hiyo si kazi ya unesi. Usitie sahihi, usimwachie pasipoti, hata akikuharakisha. Nipigie picha ya kila ukurasa wa mkataba unitumie leo, nikimaliza zamu ya usiku nitausoma tuzungumze.