Jibu: Bibi hatoki tena nje, Mji wa Kale

Salaam. Umesema bibi ana miaka 78, macho mazima, ila hafiki hata kwa jirani, na mwataka kumnunulia kiti cha magurudumu. Ngojeni kwanza. Tazama kizingiti: nyumba zetu nyingi zina kipandio kirefu na hakuna pa kushika. Kwa mama tulimwita fundi akatia bomba la chuma ukutani, kimo cha kiuno chake, na kipandio cha kati.

Kisha tembea njia yake uangalie mabaraza, yale ya kukalia mbele ya nyumba. Yakijaa bidhaa, mzee atapumzika wapi? Nenda ukaseme na wenye maduka, bibi mwenyewe akiwepo, watamwonea haya. Bodaboda ndizo ngumu, hawasikii mtu. Sisi mama twamtoa asubuhi mapema, kabla hazijaanza fujo.